Magurudumu kwenye mashine nzito za karakana: randa ya kilo 280, bendi soo na meza ya kazi

Randa_na_Patasi

Habari za kazi wakuu. Karakana ni mita 5 kwa 6. Siku za kupasua na kuranda inatosha, ila siku ya kuunga kabati la milango minne au kitanda cha sita kwa sita hakuna pa kukanyaga. Nataka mashine zisukumwe ukutani kisha zirudi katikati zikihitajika, na kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja au wawili, si kuita majirani kila mara.

Vitu vyenyewe ni hivi. Mashine ya kuranda ya inchi 12, ile inayonyoosha juu na kupunguza unene chini. Kibati chake kinasema kilo 280, kitako ni mili 600 kwa 450, na meza iko mili 850 kutoka sakafuni. Bendi soo (msumeno wa mkanda) ya inchi 18, kilo 190, urefu karibu mita 1.9, kitako mili 600 kwa 400. Ya tatu ni meza ya kazi ya mkongo yenye jiliwa mbili, nakadiria kilo 160. Sakafu ni zege lililopigwa niru, lina ufa mmoja unaokatisha chumba, na mlangoni kuna kizingiti cha mili 30 cha kutokea barazani. Mashine zote mbili ni fezi tatu, na mota ya randa ni kilowati 3.

Dukani kuna magurudumu ya mili 50 yaliyoandikwa kilo 100 kila moja. Manne ni kilo 400, kwa hiyo yanaonekana kutosha kwa randa. Je, ni kweli yanatosha? Pia nahofia meza kupanda juu mno, na mashine kutikisika wakati kisu kinakula mbao. Mwenye ujuzi na haya naomba vipimo kamili.

EngoHamsini

Mkuu, hayo ya mili 50 yaache dukani. Kugawa uzito kwa nne ndiko kunakovunja kasta nyingi (kasta ni gurudumu pamoja na shingo na bati lake la kufungia). Sakafu ya niru haijanyooka kabisa, na fremu ya chuma ni ngumu, haijipindi kufuata sakafu. Kwa hiyo muda mwingi magurudumu matatu ndiyo yanayobeba na la nne linaelea. Gawa kwa tatu. Randa kilo 280, fremu na kasta zenyewe kama kilo 20, mbao iliyo mezani pamoja na mikono ya fundi kilo 40, jumla 340. Kwa tatu ni kilo 113. Kasta iliyoandikwa 100 imeshapitwa, tena namba hiyo hutolewa kwa sakafu laini na mwendo wa polepole bila mishtuko. Chukua za kilo 150 kwenda juu.

Jambo la pili ni kipenyo, na hapa ndipo watu wanapoumia migongo. Gurudumu likikutana na kipande kigumu sakafuni, nguvu ya kulipandisha inategemea ukubwa wake. Tuseme kila gurudumu limebeba kilo 80 na mbele yake kuna kichokoo cha mbao au kichwa cha skrubu chenye kimo cha mili 5. La mili 50 linahitaji msukumo wa kama kilo 60 ili lipande. La mili 100 linahitaji kama 39, la mili 125 kama 34, la mili 150 kama 31. Faida kubwa iko kati ya 50 na 100. Ukivuka 125 unapata nafuu ndogo kwa kimo na bei kubwa. Kwa randa na bendi soo chukua mili 100 au 125, halafu fagia njia kabla ya kusukuma.

Sasa mata ya gurudumu lenyewe. Nailoni nyeupe inabeba sana na inateleza vizuri, lakini ni ngumu kama jiwe: inapiga kelele, inamega kingo za ufa, na kila chembe inasimamisha mashine. Mpira unapita juu ya uchafu kwa upole ila chini ya mzigo mkubwa unabonyea, kwa hiyo mashine inakuwa nzito kuanza kusogea na inayumba. Chuma cha kusubu kinabeba kuliko yote na kinakwangua niru. Linalofaa hapa ni gurudumu la poliyurethani lililovishwa juu ya kiini cha chuma cha kusubu au nailoni. Kasoro yake ni kwamba likikaa miezi na mzigo mahali pamoja linapata bapa, na baada ya hapo linadunda kila mzunguko. Miguu ya skrubu nitakayoeleza chini inaondoa tatizo hilo.

Ukiwa dukani, iwe Gerezani pale Dar es Salaam au kwingine, usiangalie rangi. Shika bati la juu kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mwingine, uligeuze na kulisukuma pembeni. Shingo ikicheza ikiwa mpya, acha. Tafuta yenye safu mbili za gololi shingoni, yenye ekseli ya bolti na nati badala ya ribiti, na ndani ya gurudumu pawe na beringi, si tundu tupu la plastiki. Breki iwe ile inayofunga gurudumu na shingo kwa pamoja. Inayofunga gurudumu peke yake inaacha shingo ikizunguka, na mashine inachezacheza hata ukiwa umekanyaga breki zote.

Kasta mbili za kugeuka na mbili zisizogeuka ndio mpango mzuri kwa randa. Nne za kugeuka zinakwenda ubavu, lakini kilo 300 zikishashika mwendo zinakwenda zinakotaka zenyewe.

EngoHamsini

Naendelea na fremu, maana hofu yako ya kimo ina jibu humu.

Usiweke kasta chini ya mashine. Kasta ya gurudumu la mili 100 ina kimo kamili cha kama mili 128. Ukiiweka chini ya kitako, meza yako ya 850 inakuwa karibu meta nzima, na kunyoosha ubao mrefu juu ya meza ya kimo hicho kunachosha mabega na kunapunguza udhibiti karibu na kisu. Kasta zikae nje ya kitako, mashine ikae ndani ya fremu ikining'inia mili 20 juu ya sakafu. Meza inapanda kwa mili 25 tu: hizo 20 na unene wa chuma.

Fremu ya chini ni engo (chuma cha umbo la L) ya mili 50 kwa 50, unene 5. Ubawa wa kulala uingie chini ya kitako, ubawa wa kusimama uwe nje. Acha mili 3 kila upande, kwa hiyo ndani iwe 606 kwa 456. Kwa kona za nyuzi 45 kata vipande viwili vya 616 na viwili vya 466. Jumla ni kama mita 2.2, upau mmoja wa mita 6 unabakisha wa kutosha kwa bendi soo.

Kila kichwa cha fremu, yaani upande wa 466, kinapata boriti ya bomba la mraba la 50 kwa 50, unene 3, inayopita kwa mlalo juu zaidi. Boriti inasimama juu ya vijiti viwili vya bomba hilohilo vyenye urefu wa mili 114, vilivyochomelewa kwenye uso wa nje wa ubawa wa engo. Chini ya ncha za boriti chomelea mabati ya mili 6, na kasta zifungwe kwenye mabati hayo kwa bolti. Hesabu yake: fremu iko mili 20 kutoka chini, ongeza 114 unapata 134, toa bati la 6, unabaki na 128, ambayo ni kimo cha kasta. Kasta yako ikiwa na kimo kingine badilisha urefu wa kijiti tu. Kwa sababu hiyo nunua kasta kwanza, kata chuma baadaye. Hata matundu ya bati yanatofautiana, kuna yanayopokea bolti ya M8 na ya M10.

Urefu wa boriti ndipo wengi wanapokosea. Kasta ya kugeuka haizunguki mahali pamoja, gurudumu linabaki nyuma ya shingo. Kwa ya mili 100 linafagia duara la nusu kipenyo cha mili 86 hivi. Ukiifunga karibu na kona ya engo, inakwenda mbele vizuri, na siku ya kurudi nyuma gurudumu linagonga fremu na kukwama. Acha mili 100 kutoka katikati ya shingo hadi chuma chochote kilicho karibu. Kwa upande wa kasta za kugeuka boriti iwe mili 800. Upande wa zisizogeuka 700 inatosha. Ziba ncha za bomba kwa bati na uzikwangue, zinakata miundi.

Kuchomelea: fimbo za 6013 za mili 2.5. Shikiza kona nne kwanza kwa doa, pima mishazari yote miwili, ikilingana ndipo umalizie, ukiruka kutoka kona moja hadi ya mkabala ili joto lisivute fremu. Engo ikijikunja mili 4 tu, mashine itakaa kwa kona mbili na itapiga ngoma. Kasta zenyewe usizichomelee hata kama fundi atakuambia ni haraka. Joto linayeyusha girisi ya shingo na kuharibu gurudumu, na moshi wa zinki iliyopakwa juu yake unaumiza mapafu. Tena kasta ni kitu cha kubadilishwa.

Na mtikisiko: mashine isifanye kazi ikiwa juu ya magurudumu. Kwenye kona nne, karibu na vijiti, chomelea nati za M16 na upitishe bolti ndefu za kushuka sakafuni, chini yake sahani ya chuma ya mili 80 yenye kipande cha mpira mgumu. Ikifika mahali pake, zungusha kwa spana ya 24 hadi sahani iguse, kisha ongeza mzunguko mmoja na nusu. Mzunguko mmoja wa M16 ni mili 2, kwa hiyo umeinua mili 3 na magurudumu yanaelea. Kaza mbili za upande mmoja na moja ya upande wa pili, weka pima maji mezani, na ya nne iguse tu bila kusukuma. Ukiilazimisha ya nne unaipinda mashine, na ubao utaanza kutoka na mkunjo ambao hutajua umetoka wapi. Mwisho funga nati ya pili juu ya kila bolti ili mtetemo usiilegeze.

msumeno_wima

Nyongeza kuhusu bendi soo, maana fremu ya randa ukiinakili vilevile utaiangusha.

Randa ni fupi na pana. Bendi soo ina gurudumu zito la chuma kule juu. Chukulia kitovu cha uzito kiko sentimita 90 kutoka sakafuni. Kitako ni mili 400, nusu yake 200. Kasta za kugeuka zikiwa chini ya kitako na zikageukia ndani, zinakula kama mili 36 kila upande, kwa hiyo kilichobaki ni 164. Mashine hiyo inaanguka ikiinama nyuzi 10. Gurudumu moja kudumbukia ufani huku mtu anasukuma kichwani kunatosha kuileta huko. Ukipanua boriti hadi shingo za kasta ziwe umbali wa mili 700, hata zikigeukia ndani unabaki na 314 kila upande, na pembe ya kuanguka inasogea hadi nyuzi 19. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itayumba na kurudi, au itamlalia mtu.

Kwa hiyo upana wa mili 700 usipunguzwe, hata kama unakera miguu. Kasta zisizogeuka ziwe upande wa nguzo ya mashine, kwa kuwa uzito mwingi uko huko na haupendi kuyumba. Sukuma kwa kushika mwili wa mashine chini ya kiuno. Usivute kwa meza: imeshikwa na vishikizo vinavyoiruhusu kuinama, na vikipasuka havichomeleki kirahisi. Kabla ya kusogeza teremsha kiongozi cha msumeno hadi chini na ulegeze mkazo wa msumeno.

Huo ufa uzibe kwanza. Upanue kwa grainda kuwa na umbo la V la upana wa mili 10, pigia brashi vumbi lote, lowesha, jaza mchanga laini na saruji kwa kipimo cha 2 kwa 1, na ufunike kwa gunia bichi siku tatu. Ukiujaza bila kuupanua, kiraka kitatoka na magurudumu.

Mtaimbo

Nina maoni tofauti kidogo. Kwa vitu viwili au vitatu vya chini ya kilo 300, fremu ya EngoHamsini ni sahihi. Lakini mwenye mashine za kilo 500 na kuendelea asifunge kasta kabisa. Atafute toroli la palati. La kawaida linabeba tani 2 hadi 2.5, na moja linahudumia karakana nzima. Uma zake zikishuka ziko mili 85 na upana wa nje ni mili 540, kwa hiyo mashine ikae juu ya magogo mawili ya mili 100 kwa 100 yaliyoachana angalau mili 570. Unaingiza uma, unapiga pampu, unasogeza, unashusha. Mashine inabaki juu ya mbao imara bila skrubu za kurekebisha. Hasara ni kwamba kila kitu kinapanda mili 100 na toroli linahitaji karibu mita moja u nusu ya kugeukia, ndiyo maana kwa chumba cha 5 kwa 6 sikushauri.

Na mashine ya kukereza chuma isiwekwe kwenye magurudumu ya aina yoyote. Kitanda chake kinasawazishwa kwa pima maji ya usahihi wa sehemu ndogo za milimita kwa mita. Ukiisogeza tu inapinda kiasi cha kutoa kazi yenye mchongoko, na kusawazisha upya ni kazi ya nusu siku. Hiyo ipatie mahali pa kudumu, vingine viizunguke.

Jingine ambalo halijasemwa ni namna ya kuipandisha randa kwenye fremu. Usiinue kwa meza zake, zikikubali uzito huo zinaachana na usawa wake na kisu hakitakata sambamba tena. Ingiza mtaimbo chini ya kitako, inua kichwa kimoja mili 20 hadi 30, mwenzako asukume kipande cha mbao chini kwa kutumia mbao nyingine ndefu, kamwe si kwa vidole. Hamia kichwa cha pili. Panda hivyo kwa zamu, mbao zikipangwa msalaba kama rundo la kuni. Ukifika kimo cha mili 150, ingiza fremu ikiwa upande mmoja wa engo haujachomelewa bado, au iwe imefungwa kwa bolti. Fremu iliyofungwa pande zote haiingii kwa sababu marundo yako njiani. Shusha kwa njia ileile.

Randa_na_Patasi

Mungu awabariki wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Mtaimbo, hilo la upande mmoja kutochomelewa nisingelifikiria kabisa.

Yamebaki matatu. Beringi chakavu za gari nimeziona kwa mafundi zikitumika kama magurudumu, zinafaa kwa zile zisizogeuka? Kizingiti nakipitaje? Na meza ya kazi: sitaki iwe juu ya magurudumu wakati napiga patasi, na bolti za M16 kila mara ni mzunguko mwingi.

EngoHamsini

Beringi chakavu hazifai. Ya 6204 ina kipenyo cha nje cha mili 47, umerudi kwenye tatizo la gurudumu dogo. Ya 6308 ina mili 90, inavutia, lakini upana wake ni mili 23 na uso ni chuma kigumu, kwa hiyo inachora mfereji kwenye niru. Ganda la nje la beringi pia limekaushwa kwa ugumu, likigonga ukingo wa zege linaweza kupasuka ghafla.

Kizingiti kinahitaji mteremko pande zote mbili, tena mrefu kuliko unavyodhani. Kwa nguvu za kusukuma, mili 300 za urefu zingetosha: ni moja kwa kumi, yaani kilo 30 za msukumo kwa mashine ya 300. Tatizo ni tumbo la fremu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni kama mili 660 na fremu iko mili 20 tu juu. Kilele kikifika katikati, kwa mteremko wa mili 300 magurudumu yote yanakuwa yameshateremka mili 30 na engo imekaa juu ya kizingiti. Fanya mteremko wa mili 600 kila upande. Hapo magurudumu yanakuwa chini ya kilele kwa mili 16.5 na fremu inapita kwa shida lakini inapita. Ukiweza kukivunja kizingiti na kuzuia maji ya mvua kwa mfereji nje, vunja. Bendi soo usiivushe kamwe bila watu watatu.

msumeno_wima

Meza ya kazi ipe kasta za kukunja. Kila kichwa cha meza, ndani ya miguu, kuna mbao ya mlalo inayounganisha miguu miwili. Fungia hapo ubao wa mninga au mkongo wa unene wa mili 40 kwa bawaba mbili nzito, ubao ukitokeza nje kwa mili 240. Chini yake funga kasta mbili za mili 75, shingo zikiwa mili 80 kutoka kwenye bawaba. Ubao ukilala sawa, magurudumu yawe yameshuka mili 12 chini ya nyayo za miguu.

Ukikanyaga ukingo wa nje, ubao unakuwa wenzo. Kichwa kimoja cha meza kina kilo 80, na kwa vipimo hivyo mguu unahitaji kukandamiza kwa kilo 40, mtu mzima anaweza bila kuruka. Ubao ukishalala, kipande cha mbao kilichoning'inizwa kwa bawaba kutoka juu kinaangukia kwenye mtai uliochongwa mgongoni mwa ubao na kuuzuia usikunjuke. Kwa kushusha, vuta kamba iliyofungwa kwenye kipande hicho huku umekanyaga ubao, kisha achia taratibu. Meza inakaa kwa miguu yake yenyewe, imetulia kama zamani.

Mtai uwe na kina cha mili 10 na ukuta wake usimame wima. Ukichongwa kwa mlazo, mtetemo wa kusukuma unakichomoa kizuizi na kichwa cha meza kinaanguka juu ya vidole. Kasta zifungwe kwa bolti zinazopita ubao mzima na washa pana juu. Skrubu za mbao zinang'oka, kwa kuwa nguvu inayoziua ni ya ubavu, si ya wima.

FeziTatu

Mmesahau umeme. Mashine inayotembea na waya uliofungwa moja kwa moja kwenye starta (swichi ya kuwashia mota) haitachukua mwaka kabla waya haujakatika ndani.

Kilowati 3 kwa volti 400 ni kama ampea 6.5, kwa hiyo waya laini wa mpira wenye nyuzi nne za mili 2.5 unatosha kabisa, urefu mita 5. Tumia plagi nyekundu ya viwandani ya ampea 16 yenye pini nne: fezi tatu na ardhi. Ikiwa starta yako inahitaji nyutro, chukua ya pini tano. Mwenye mashine ya fezi moja ya kilowati 2.2 ajue inavuta karibu ampea 14 ikiwa na mzigo, plagi ya kawaida ya ampea 13 itayeyuka.

Kama utaweka soketi mbili, moja ukutani na moja katikati, zote zifungwe kwa mpangilio uleule wa fezi. Fezi mbili zikibadilishana, mota inageuka kinyume. Siku ya kwanza kwenye kila soketi washa na kuzima kwa kugusa tu, bila ubao, msumeno wa bendi soo ukiwa umevuliwa, uangalie mwelekeo. Ukiwa kinyume, fundi umeme abadilishe nyuzi mbili ndani ya soketi, si ndani ya mashine, la sivyo soketi ya pili ndiyo itakuwa kinyume.

Soketi ya katikati ishuke kutoka kwenye kenchi hadi mita 2.2, isiwe sakafuni, kwa sababu gurudumu lenye kilo 113 likipita juu ya waya mara chache linaponda ganda lake. Waya ushikwe na kibano kwenye mwili wa mashine sentimita 20 kutoka starta ili ukivutwa nguvu isifike kwenye skrubu za ndani. Uzi wa kijani na njano uwe mrefu kuliko mingine ndani ya plagi, ili waya uking'oka wa ardhi utoke mwisho. Na starta iwe ya kontakta, inayoachia umeme ukikatika na isiyojiwasha ukirudi. Plagi itoke kwanza, miguu ya skrubu ipande, ndipo mashine isogezwe.